Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mofini ya maji iwafikie wagonjwa huku wilayani

Shikamoo Mheshimiwa Waziri,

Naandika kuhusu mofini, ile ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali. Najua una bima ya afya kwa wote, una vifaa, una ajira za watumishi, na yote ni muhimu, ila hili ninaloomba halihitaji jengo jipya wala mashine ya mabilioni, linahitaji maelekezo yako na mafunzo kwa watu ambao tayari wapo kazini, ndo mana nimeamua kuliandika wazi ili hata wengine wenye wagonjwa majumbani wasome na waongeze yao.

Mzee wangu alikuwa na saratani ya tezi dume. Ilipogundulika ilikuwa imeshasambaa kwenye mifupa, uti wa mgongo na nyonga, na yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa aina hii anajua maumivu ya mfupa yakoje, ni mtu hawezi kugeuzwa kitandani, hawezi hata kuvumilia shuka limguse. Mzee alikuwa mtu wa mikorosho maisha yake yote, mkimya, siku alipojikata na panga mguuni alifunga kitambaa akaendelea na kazi. Huyo huyo kwa ugonjwa huu alikuwa anapiga kelele usiku mpaka majirani wanakuja kugonga mlango kuuliza kulikoni, na wajukuu ikabidi tuwapeleke kwa shangazi yao maana walikuwa hawalali, wanalia na babu yao.

Alipolazwa Dar akaanzishiwa mofini ya maji. Mheshimiwa, niseme ukweli sikuwa naamini dawa inaweza kumrudisha mtu vile. Siku hiyo hiyo jioni aliomba uji, akauliza bei ya korosho mnadani imefika ngapi, akamtania mama. Saratani ilikuwa palepale, lakini yeye alirudi kuwa mtu. Nesi mmoja wa tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, alitukalisha chini akatuelekeza vizuri sana, kipimo ni hiki, anapewa kila baada ya masaa manne kwa saa sio kusubiri mpaka aumwe ndo mkimbilie chupa, na lazima apewe na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga tumbo. Tukaruhusiwa na chupa na barua, tukaambiwa ikiisha tupeleke barua hospitali ya karibu na nyumbani.

Sasa hapo ndo shida ilipoanzia. Chupa ikaisha. Hospitali ya karibu dirisha la dawa wakasema hiyo hawana na hawajawahi kuwa nayo, daktari akasema yeye hawezi kuiandika, twende mkoani, mkoani nako wakasema rudini mlikoanzishiwa. Tukapewa tramadol na diklofenaki na Panadol, ambazo kwa mgonjwa wa hatua ile ni kama hujampa kitu. Mtumishi mmoja akaniuliza mbele za watu kwenye foleni kwamba hii dawa ni ya mzee kweli au naitaka mwenyewe. Nimemuacha baba yangu analia nyumbani halafu naulizwa kama mimi ni teja.

Nikasema basi nifanye kama watu wanavyotumiana vifurushi, ndugu wa Dar achukue dawa ampe kondakta. Nikaonywa na watu wanaojua mambo kwamba ikikamatwa njiani bila karatasi zake hiyo ni kesi ya dawa za kulevya, na kondakta wa watu ataingia matatani. Na kumsafirisha mzee mwenyewe ndo haiwezekani, kutoka huku kusini mpaka uvuke daraja la Mkapa ufike Dar ni siku nzima kwenye basi, mtu mifupa imeliwa na saratani unamkalishaje kwenye siti? Wiki zake za mwisho alizimaliza bila dawa iliyomfaa. Sitaeleza zaidi, mama anasoma mitandao.

Mheshimiwa sijaandika kumshtaki mfamasia wala daktari na ndo mana sitaji hospitali yoyote. Mfamasia mmoja aliniambia kwa upole kabisa, mdogo wangu, hii dawa ikipungua hata kidogo kwenye daftari mimi ndo naenda jela. Namwelewa. Sheria yetu ya kudhibiti dawa za kulevya ya 2015 adhabu zake zinafika hadi kifungo cha maisha, na mtu mwenye familia akiona neno mofini kwenye orodha ya kuagiza anaona bora aache tu, hakuna atakayemuuliza kwa nini hukuagiza ila atakayemuuliza kwa nini imepungua yupo. Yaani mfumo wote unamlinda anayeacha kutoa. Na mgonjwa hana ofisi ya kwenda kusema nimeachwa na maumivu, hiyo sio kosa kwenye kitabu chochote.

Lakini sheria za dunia hazikukusudia hivyo. Mkataba mkuu wa dawa za kulevya wa 1961, ambao na sisi tumo, pale mwanzoni kabisa unakiri kwamba matumizi ya dawa hizi kwa tiba ni ya lazima ili kuondoa maumivu na nchi zihakikishe zinapatikana. Majukumu ni mawili, zisipotee mitaani na zimfikie mgonjwa. Sisi tumeshika la kwanza kwa nguvu zote na la pili tumeliacha njiani. Mofini ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 1986 wao wenyewe walielekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa kupanda ngazi, unaanza na Panadol, unakuja kodeini au tramadol, ikishindikana ni mofini. Huku kwetu ngazi imekatwa juu, ukifika tramadol umefika mwisho.

Watu wanasema ona Marekani, dawa za jamii ya mofini zilivyoleta uraibu na vifo. Sawa, tuione vizuri. Kule kampuni ya dawa ya Purdue ilisukuma vidonge vyake vya maumivu, vya jamii hiyo hiyo, kwa watu ambao hata hawakuhitaji dawa kali kiasi hicho, na 2020 ikakiri makosa ya jinai mahakamani. Watu wengi sana wamekufa, silidharau hilo hata kidogo. Ila nao walipokuja kubana walibana mpaka wakaumiza wagonjwa wa kweli. Mwongozo wao wa 2016 wa kuandika dawa hizi madaktari waliugeuza kuwa ukomo wa lazima, wakakatia watu dawa ghafla, mpaka ilipofika 2022 wakautoa upya na kusema wazi usitumike hivyo. Sasa sisi ambao hatujawahi kuwa na wingi ule wa dawa tunaogopa nini cha kwao? Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti 2017 ikionyesha kwamba kila mwaka dunia inagawana karibu tani 299 za mofini na dawa za jamii yake, na nchi zote za kipato cha chini kabisa zikijumlishwa zinapata kilo 100 tu. Hofu tumeipokea yote lakini dawa hatukuwahi kuipata.

Nchi ya kuangalia ni jirani zetu Uganda. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha hospisi, yaani kituo cha kuhudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, pale Kampala na wakaanza kutumia mofini ya maji inayotengenezwa kwa unga, unga na maji na kihifadhi, kazi ya mfamasia mwenye vipimo. Wanaitia rangi tofauti kulingana na ukali wake ili isichanganywe. Haina hatimiliki ya mtu, ni dawa ya zaidi ya miaka 200, kwa hiyo gharama yake ndogo. Halafu 2004 wakafanya jambo ambalo ndo ninakuomba wewe ulifanye, wakabadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, maana waliona ukweli ambao hata sisi tunaujua, kwamba kijijini daktari hayupo ila nesi yupo. Na serikali yao ikabeba gharama, mgonjwa anapewa bure. Uganda sio nchi tajiri kuliko sisi.

Na hata hapa nyumbani hatuanzi sifuri. Hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar wamekuwa wakitoa mofini ya maji miaka mingi, hospisi za Muheza na Selian zimefuata wagonjwa mpaka majumbani. Watu wanaojua kazi hii wapo, ila nchi ni kubwa.

Kuna jambo moja nataka ulifikirie sana Mheshimiwa. Mwaka 2011 serikali ilifungua kliniki ya metadoni Muhimbili kwa ajili ya waraibu wa heroini, baadae Mwananyamala, Temeke, ikaenda na mikoani. Metadoni ni ya jamii moja na mofini. Ni ya maji, inapimwa, mtu anakunywa mbele ya muuguzi kila siku, inaandikwa, na ni bure. Nina rafiki niliyesoma naye ambaye amerudi kwa mke na watoto wake kwa sababu ya kile kikombe, sitaki kiondolewe hata siku moja na wanaokipinga hawajui wanachosema. Ninachosema ni kwamba serikali imeshathibitisha yenyewe kwamba inaweza kuagiza dawa ya aina hii, kuihifadhi, kuipima, kuiandika na kumpa mtu kila siku bila nchi kuharibika. Na hiyo ni kwa watu ambao tayari walikuwa na uraibu. Mzee wa miaka sabini na ushee mwenye saratani ya mifupa anashindikanaje?

Halafu kuna hili la uraibu kwa wagonjwa wenyewe, maana linasemwa sana hata na ndugu. Kwetu wapo waliosema mofini inamaliza mtu haraka, wengine wakasema atazoea. Nesi wa Dar alitujibu hivi, ukianza na kipimo kidogo na kupandisha taratibu kwa kufuata maumivu haimuui mgonjwa, na mwili kuizoea sio sawa na mtu kuitafuta vichochoroni. Mwili ukizoea unapunguziwa taratibu kama haihitajiki tena, basi. Mafunzo ya namna hii wangepewa watumishi wote wa wodini pangekuwa na matusi machache.

Na matusi yapo, hasa kwa vijana wa selimundu, yaani sikoseli. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi sana wanaozaliwa na selimundu duniani, wanakadiriwa 11,000 kwa mwaka. Wakati namuuguza mzee kitanda cha jirani alikuwepo kijana wa ugonjwa huo, maumivu yakimbana anajikunja, anauma mto, na nikasikia kwa masikio yangu mtu akisema huyu ameshazoea sindano anazitaka tu. Kijana yule alikuwa anajua jina la dawa inayomsaidia na kipimo chake kwa sababu ameumwa tangu mtoto, na kule kujua kwake ndo kukawa ushahidi wa kumtuhumu. Najua selimundu na saratani hazitibiwi sawa, kwa selimundu mambo ya dawa za muda mrefu wataalamu wana tahadhari zao na nazikubali, ila wakati wa kubanwa mtu apewe dawa kwanza, maswali yaje baadae.

Ninachoomba sasa. Kila hospitali ya wilaya iwe na mofini ya maji kama ilivyo na dripu, na Bohari ya Dawa wapewe maelekezo kwamba isiposomeka kwenye maombi ya wilaya waulize kwa nini. Wauguzi na matabibu wapelekwe mafunzo ya tiba shufaa na wakimaliza wapewe kibali cha kuandika kwa kipimo kinachojulikana, kama ni lazima kupeleka mabadiliko ya kanuni au sheria bungeni peleka, wabunge wengi wana wazazi vijijini watakuelewa. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Dar au Mwanza au Moshi asitolewe na barua ya kwenda mahali pasipo na dawa, wampigie simu mfamasia wa huko kwanza wajue ipo. Na mfamasia aandikiwe waraka unaomlinda, kwamba akitoa kwa cheti halali na akajaza daftari hana kosa, maana bila hilo hata mkileta shehena itakaa kabatini chini ya kufuli mpaka iharibike. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya muwaite mezani tangu mwanzo, wao ndo wanaogopwa, wakisema wao kwamba dawa hii inaruhusiwa watu watasikia.

Hapa mtaani kwetu kuna mama mwenye saratani ya matiti ametoka Dar juzi juzi, mwanae alikuja kuniuliza sisi tulikuwa tunaipata wapi ile dawa. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya namba ya yule nesi.

Kwenye hotuba yako ya bajeti ijayo pale Dodoma naomba utaje halmashauri zenye mofini ya maji na zisizokuwa nayo, kwa majina, ili kila mbunge ajue lake na sisi tujue pa kwenda. Na kamati ya Bunge ikitaka kusikia kutoka kwa familia, nitakuja kwa nauli yangu, na nina uhakika sitakuwa peke yangu kwenye hilo basi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mkulima wa korosho, kusini