Makala za tovuti yetu

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba tuzungumzie tovuti.

Makala yetu ya kahawa bado inamwelekeza mkulima wa Masaka aende UCDA, iliyokuwa mamlaka ya kahawa ya Uganda. Mamlaka hiyo ilivunjwa kwa sheria ya 2024, kazi zake zikahamia Wizara ya Kilimo. Mtu akipoteza nauli kwa ajili yetu, harudi tena kusoma, na ana haki. Kwa hiyo kabla ya kuandika jipya, kila mmoja apitie makala zake za zamani, arekebishe palipobadilika, kisha aandike juu tarehe ya marekebisho. Kubadilisha tarehe bila kugusa maandishi ni kumdanganya msomaji. Hilo tusilifanye kabisa.

Mapya: makala moja iliyoiva kila Ijumaa yatosha. Tatu za kunakili na kubandika zinatuharibia jina. Tuwe na mbili za akiba zilizokwisha kuhaririwa, maana wakati wa mitihani walimu wetu hawapatikani.

Tuandike mapema pia. Makala ya kuanika kahawa kwenye turubai badala ya udongoni itoke kabla ya mavuno, si magunia yakishafika kwa mnunuzi. Ya Siku ya Kiswahili, Julai 7, ianze kuandikwa Mei.

Picha piga mwenyewe, uzipunguze ukubwa. Bando ni ghali kwa wasomaji wetu.

Rasimu zimfikie dada mhariri kufikia Jumatano jioni. Ya kahawa nani anaichukua?