Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Udongo Wetu Tunautoa Wapi?

Ndugu wanachama, wazee wetu wa kazi na vijana mliojiunga mwaka huu, hamjambo.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na mambo ya uanachama katibu ameshayaeleza. Mimi nitazungumzia jambo moja tu: udongo.

Mtakumbuka ziara yetu ya Haller Park, Bamburi, Mombasa. Wengi wetu tumewahi kupeleka watoto pale kuona twiga na kobe. Safari hii tulikwenda kama mafundi wa bustani. Dkt. René Haller, Mswisi aliyeianzisha bustani hiyo, alikuwa mtu wa kazi kama yetu. Kampuni ya saruji ilimwajiri mwaka 1959. Mwaka 1971 alianza kupanda miti ndani ya machimbo yaliyoachwa: jiwe tupu la matumbawe, jua kali, maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikasimama 3 tu, mojawapo mvinje, mti wa majani membamba kama sindano. Mvinje ukastawi, lakini majani yake yana tanini nyingi, ile kemikali chungu inayochelewesha kuoza, yakawa yanarundikana bila kuoza. Aliyemwokoa ni jongoo, yule mwenye miguu myekundu. Haller aliwaleta kwa wingi, wakatafuna majani, na kinyesi chao kikawa mboji.

Nilichutama chini ya mvinje mmoja nikapangua majani kwa mkono. Juu ni makavu, yanakatika kama nyuzi. Chini yake jongoo amejikunja. Chini ya jongoo kuna udongo mweusi, una unyevu, unanukia mvua. Kidole hakikuzama mbali, kikagonga jiwe. Kazi ya miaka zaidi ya 50, na tabaka lenyewe ndilo hilo.

Hapo nilikumbuka ujana wangu, nikitandika ukoka kwenye hoteli moja ya ufuoni. Lori lilikuwa likishusha udongo mweusi alfajiri, nami siulizi. Siku moja nikakuta ndani yake mizizi mibichi na konokono wa msituni. Nilijua umechotwa wapi, nikaendelea kutandaza. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo, na ndilo lililonifanya niwe upande wa misitu maisha yangu yote. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, zimesalia kwa sababu wazee walikataza kuikata. Sisi tunaoishi kwa ardhi hatujawahi kujikataza kitu. Hata mwarobaini, tunaouuza kwa ajili ya kivuli, unajiotea ndani ya misitu ya pwani na kubana miti ya asili.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio: mwanachama asinunue udongo asiojua ulikotoka; kila kitalu kiwe na shimo la mboji; na miche ya miti yetu ya asili, mvule na mbambakofi, ipewe nafasi mbele, si nyuma ya mabanda. Baadhi yenu mmeniambia mboji inachelewa na mteja anataka bustani kabla ya Krismasi. Ni kweli, mimi pia nimeshapoteza mteja mmoja kwa sababu hiyo. Bado naliunga mkono azimio hili kwa moyo wote.

Karatasi ziko mezani kwa katibu. Naomba tupige kura kabla ya chakula.