Barua ya wazi kwa Spika wa Baraza la Malodi: mshahara wa wapagazi bado uko kwenu

Kwa Mheshimiwa Spika,
Baraza la Malodi,
Westminster, London.

YAH: MISHAHARA NA MAJINA YA WAPAGAZI WA VITA VYA 1914–1918

Mheshimiwa Spika,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Dodoma, ninakofundisha historia. Ninaandika kuliomba Baraza unaloliongoza lirudi kwenye shughuli ya siku moja ya Julai 1920. Siku hiyo wenzenu waliotangulia walikaa kuzungumzia kazi ya Waafrika wa Afrika Mashariki, vita kuu vikiwa vimekwisha hata miaka miwili haijapita, kisha wakainuka, na deni la vita likabaki palepale lilipokuwa.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14. Lord Islington, aliyewahi kuwa Gavana wa New Zealand na baadaye kushika nafasi katika wizara ya makoloni, alisimama kuhoji sera ya kazi katika nchi ambayo siku tisa baadaye iliitwa Koloni la Kenya. Kilicholeta mjadala ni waraka wa 23 Oktoba 1919, uliotolewa chini ya Gavana Edward Northey. Waraka uliwaagiza maofisa wa wilaya watumie kila ushawishi halali kuwatoa vijijini wanaume wenye nguvu, waende kwenye mashamba ya walowezi. Shamba likiwa karibu na kijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe. Machifu wanaosaidia waandikwe majina yao, na wasiosaidia waandikwe vilevile. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika kabla mwaka haujaisha, wakitaka kwamba kama lazima kazi iwe ya shuruti, basi iwe na sheria na mipaka. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, hakukubali hata hilo. Kwake shuruti ilikuwa shuruti, na alichapisha kijitabu Uingereza kuupinga mpango mzima. Kwa njia hiyo jambo lilifika mbele ya Baraza lenu, na Lord Milner, Waziri wa Makoloni, akautetea msimamo wa serikali yake.

Aliyeutia saini waraka ule ni John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa Mambo ya Wenyeji. Naomba usilipite jina hilo haraka, maana kwangu mimi jambo lote limefungwa hapo. Miaka miwili na nusu kabla, Machi 1917, Ainsworth huyohuyo alipewa ukamishna wa kijeshi wa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kusimamia uandikishaji mkubwa wa wapagazi kwa ajili ya vita vya huku kwetu. Machifu walipangiwa idadi ya watu wa kutoa, na wilaya baada ya wilaya ikaondokewa na vijana. Waliotakiwa mashambani mwaka 1919 walikuwa ndugu za waliochukuliwa mwaka 1917, na wengine walikuwa walewale waliobahatika kurudi. Aliyewaita mara ya pili alikuwa mtu yuleyule, na hesabu ya mara ya kwanza ilikuwa haijafungwa.

Wapagazi walihitajika kwa sababu mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, na barabara za kupitisha magari zilikuwa chache. Reli ya kati, inayopita hapa Dodoma kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilitekwa mwaka 1916. Lakini vita vilielekea kusini, Rufiji, Lindi na hadi Msumbiji, ambako reli haikufika. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi na kila machela ya majeruhi ilibebwa na mtu kichwani au begani. Naye mpagazi ni mtu, lazima ale, kwa hiyo nyuma yake alihitajika mpagazi mwingine wa kumbebea posho. Jinsi jeshi lilivyozidi kwenda mbali ndivyo msururu ulivyozidi kurefuka, na watu wakawa wanabeba chakula cha watu wanaobeba chakula.

Walichopewa mara nyingi ni unga wa mahindi, bila muda wala kuni za kutosha kuupika ukaiva. Waliozoea ndizi, kama watu wa Uganda, matumbo yao hayakuustahimili. Waliotoka nyanda za juu zenye baridi walikutana na malaria ya pwani. Mwanzoni mwa 1917 mvua zilifurika Rufiji, mto ukatapakaa kama bahari, njia za chakula zikakatika. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliomalizwa na kuhara damu, malaria na nimonia. Hesabu za serikali yenyewe zinapita vifo 90,000 vya wapagazi wa upande wa Uingereza, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa zaidi. Hao hawakuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, wenye bunduki na sare. Wengi walikuwa wakulima waliotolewa shambani, kwa mshahara wa rupia 5 kwa mwezi.

Hapa Ugogo tuna kumbukumbu yetu ya miaka ile, inaitwa Mtunya. Ni njaa iliyoanza 1917, baada ya majeshi yote mawili kupita, la Mjerumani kwanza na la Mwingereza baadaye, kila moja likichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua ziliponyima, hapakuwa na akiba ghalani wala mikono ya kulima. Wagogo walikufa kwa maelfu. Sitaki kuutupa mzigo wa Mjerumani mlangoni kwenu. Yeye naye alikokota watu bila huruma, na barua yake ipo siku itaandikwa. Lakini wapagazi walioandikishwa na Mwingereza walikuwa na ahadi ya Mwingereza, na ahadi hiyo ilikuwa na kiwango cha fedha.

Sasa nije kwenye fedha. Sehemu kubwa ya mshahara wa mpagazi ilingoja amalize muda wake ndipo apewe. Aliyefia njiani hakufika siku hiyo. Jina lake liliandikwa na karani asiyejua lugha ya kwao, kijiji chake kikakosewa au kisiandikwe kabisa, na mkewe au baba yake hakupata habari kwamba kuna kitu cha kudai, achilia mbali mahali pa kukidai. Maelfu kwa maelfu ya mishahara ya watu waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali. Oscar Watkins, ofisa aliyewaongoza wapagazi tangu mwanzo wa vita na kuwajua kuliko Mzungu mwingine yeyote wa serikali ile, alishikilia kwamba kama warithi hawapatikani, basi fedha hizo zitumike kwa faida ya Waafrika. London haikukubali.

Mheshimiwa Spika, linganisha na mambo mengine ya msimu uleule. Kenya, askari wa zamani Wazungu waligawiwa mashamba chini ya mpango wa 1919, zaidi ya ekari milioni 2, mengine yakiwa yamekatwa kwenye ardhi ya Wanandi, ambao vijana wao walipigana katika keya. Mwafrika aliyetumikia vita hakuwa na nafasi katika mpango huo. Kiongozi wa walowezi, Lord Delamere, alikuwa na haki ya kukaa katika Baraza lenu, na mwaka huohuo wa 1920 walowezi walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944. Mjane wa mpagazi hakuwa na wa kumsemea Nairobi wala Westminster.

Na siku chache tu baada ya mjadala wa kazi, tarehe 19 na 20 Julai, Baraza lilikaa tena kwa mjadala mrefu kuhusu mtu mmoja, Jenerali Dyer, aliyeamuru askari wafyatulie risasi umati usio na silaha kule Amritsar, India, tarehe 13 Aprili 1919. Hesabu rasmi ya waliouawa ilikuwa 379. Malodi 129 walipiga kura kwamba jenerali hakutendewa haki, 86 wakapinga. Wakati huohuo gazeti la Morning Post lilimchangishia zaidi ya pauni 26,000. Nimewasimulia wanafunzi wangu mambo haya mawili pamoja, na swali lao huwa lilelile: fedha za jenerali zilipatikanaje upesi hivyo? Mimi sina jibu la kuwapa zaidi ya tarehe zenyewe.

Sisemi kwamba siku ile ya 14 Julai ilikuwa bure. Milner aliandika waraka wake tarehe 22 Julai akiilinda sera huku akiipunguza makali, na kelele hazikunyamaza. Septemba 1921 Winston Churchill, aliyempokea Milner wizarani, aliagiza maofisa wa serikali waache kuwaandikishia walowezi vibarua. Huo ulikuwa ushindi, na mbegu yake moja ilipandwa katika Baraza lenu. Ulikuja, hata hivyo, wakati kipande, yaani cheti cha utambulisho cha kazi, kimeshavikwa shingoni mwa wanaume wa Kenya na kodi imeshapandishwa. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa kuyapinga hayo, na watu waliokuja kumdai wakapigwa risasi. Ninaitaja Septemba 1921 kwa sababu inaonyesha kwamba swali likiulizwa mbele ya Malodi, na likang'ang'aniwa, serikali husogea. La mshahara wa marehemu halikung'ang'aniwa.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakitoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa pori, kwa uamuzi wa watu waliofikiri kwamba Mwafrika hajali kaburi. Tarehe 22 Aprili 2021 Waziri wa Ulinzi, Ben Wallace, aliomba radhi katika Baraza la Makabwela. Tuliipokea radhi ile kwa moyo mweupe. Lakini ilihusu majina na makaburi. Mshahara ulibaki nje. Na dawa ya deni ni kulipa.

Najua mipaka ya kiti chako. Tofauti na maspika wengi, wewe huamui nani aseme wala serikali ilete shughuli gani, na tangu sheria ya mwaka 1911 Baraza lenu haliwezi kuuzuia muswada wa fedha zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo siombi Malodi wapitishe malipo. Naomba wafanye wanachokiweza. Mjumbe yeyote anaweza kuiandikia serikali swali, na serikali hutarajiwa kujibu ndani ya siku 10 za kazi. Swali la kwanza liwe hili: fedha za wapagazi waliokufa bila kulipwa zilikuwa kiasi gani, na ziliingia kwenye daftari lipi la Hazina? Tena kila mwaka Baraza huunda kamati maalumu chache za kuchunguza jambo moja kwa undani, kwa mapendekezo ya wajumbe wake. Moja ya kamati hizo ipewe jambo hili, iite nyaraka, na iwasikilize wanahistoria wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lilongwe pamoja na wa London.

Nitaambiwa kwamba miaka zaidi ya mia imepita, na kwamba kumtafuta mrithi mmoja mmoja haiwezekani. Kwa wengi ni kweli. Ndiyo maana lile pendekezo la Watkins bado lina uhai: kisichoweza kufika mkononi mwa mjukuu kinaweza kufika katika zahanati ya kata yake, au kisima, au darasa. Nitaambiwa pia kwamba kiasi chenyewe ni kidogo kwa bajeti ya leo. Kama ni kidogo, basi kulipa kusiwe kugumu. Wala isisemwe kwamba suala hili linahusu Kenya peke yake kwa kuwa waraka wa Northey ulikuwa wa Kenya. Tanganyika ilipewa katiba yake ya kikoloni tarehe 22 Julai 1920, siku ileile ya waraka wa Milner, ikiwa tayari imetoa wapagazi wake. Kambi zao zilikuwa hapo ilipo Kariakoo ya Dar es Salaam na hapo ilipo Kariokor ya Nairobi. Watu hununua vitunguu na nguo hapo kila siku.

Kuhusu majina, ombi langu ni la kiufundi, lakini mwalimu yeyote wa huku ataliona uzito wake. Orodha zozote zilizosalia, iwe London, Nairobi au Dar es Salaam, zichapishwe zikiwa zimepangwa kwa wilaya na kijiji, tahajia ya karani wa zamani ibaki kama ilivyo, na pembeni iachwe nafasi ya kusahihisha. Utangulizi wake uandikwe kwa Kiswahili. Hapa Ugogo bado kuna wazee wenye kujua koo na majina ya mababu hadi vizazi vitano. Wakisomewa jina lililoharibiwa mara nyingi watalitambua ni la nani na alitoka wapi. Wazee hao hawatakuwepo muda mrefu. Tukipata orodha mwaka huu, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kwenda nazo nyumbani wakati wa likizo na kurudi na masahihisho, nami na walimu wenzangu tutayakusanya na kuyarudisha kwenu.

Nasubiri majibu kwa heshima.

Mwalimu wa historia,
Dodoma, Tanzania