Barua kwa mwanangu kuhusu take off

Marahaba mwanangu, meseji yako kupitia simu ya matroni nimeipata jana usiku natoka shifti, unauliza take off maana yake hasa nini, mwalimu kasema ni kuvua nguo afu kitabuni umekuta inaongelea ndege. Wote wako sahihi, na nimefurahi sana umeuliza, ndo maana nakuandikia kirefu.

We cha kwanza angalia kama kuna kitu kinachotolewa au hakuna. Mi huku uwanja wa ndege nalisikia kutwa, the plane took off, yaani imepaa, imeacha lami iko juu ya ziwa, na hamna kitu kingine kinachofuata maana ndege yenyewe ndo imepaa. Mtu naye anaweza ku-take off hivyohivyo, ila hapo ni kuondoka fasta. Bodaboda wa Kirumba kaona trafiki mbele, kageuza pikipiki kala kona, hapo unasema the rider took off. Na biashara pia, hii mi naipenda kuliko zote: sangara aliletwa ziwani humu tangu miaka ya 1950, lakini kwa hapa Mwanza the fish trade took off miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilipojengwa kwa wingi, ndo ikashika kasi mpaka minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya.

Sasa kuvua nguo au viatu. Take off your shoes au take your shoes off, zote sawa, andika unayotaka. Ila ukishaweka them badala ya viatu lazima ikae katikati, take them off. Take off them hapana, kabisa! It, him na her nazo hivyohivyo. Hapo ndo wengi wanapokwama mwanangu, kwahiyo jioni ukiwa unavua sare sema kwa sauti, my sweater, take it off, my socks, take them off, mpaka mdomo uzoee wenyewe bila kufikiria sheria. Kuvaa ni put on, nayo mwendo ni uleule, put them on.

Kuna na ya mapumziko, I took Monday off, siku inakaa katikati, na ya bei, she took two thousand off the price, kapunguza elfu mbili, kama mama yako anavyowafanyia wateja wake wa dagaa pale Mwaloni wakimlilia sana.

Halafu angalia, baada ya has ni taken, the plane has taken off, sio has took.

Jumapili nikipiga kwa matroni unisomee sentensi tatu za kwako, ya ndege, ya biashara na ya viatu, na hiyo ya viatu iwe na them. Mama anakusalimia, dagaa wa kukaanga atakutumia na basi Ijumaa.

Baba yako