Petroli ina bei kikomo, dawa ya presha haina

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka yote bila kuandika, ila ile habari yenu ya ukaguzi wa maduka ya dawa nimeshindwa kuinyamazia. Mmegusa vibali, majokofu na dawa zilizopitwa na muda. Bei hamkuigusa, zaidi ya ofisa mliyemhoji kusema soko litajirekebisha lenyewe. Lini?

Mama yangu ana presha, anameza amlodipine ya miligramu 10 kila siku ya Mungu. Majuzi hospitali wamemwandikia, kufika dirishani tunaambiwa hakuna, kanunueni nje. Hapahapa Masasi duka la kwanza kidonge shilingi 150. Hatua chache mbele, boksi lilelile la kiwanda kilekile cha India, shilingi 300. Kijana wa dukani akanijibu, "Kaka, ndiyo bei yetu, nenda kwingine." Pembeni yangu bibi mmoja akafungua pindo la khanga, akatoa alichonacho, akakatiwa vidonge vitano. Vitano, kwa ugonjwa wa maisha! Nyanya zikipanda naziacha, napikia ukwaju. Presha unaiachaje? Soko gani hilo, kama mnunuzi hana uwezo wa kusema sitaki?

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasajili dawa na kupima ubora wake, Baraza la Famasi linasimamia maduka na wataalamu, lakini bei kwenye duka la mtu binafsi haina msimamizi. Petroli inaye. Kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo, ile ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi, na Mtwara tunapangiwa ya kwetu kwa kuwa mafuta yanashushwa bandarini kwetu. Huko India kwenyewe, pakiti za dawa wanazouziana huchapwa bei ya juu ya rejareja.

Na hizi rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, je? Zinauzwa nne nne bila cheti cha daktari, mtu akipata nafuu kidogo anaacha, kesho ugonjwa hausikii dawa tena. Hilo nalo wakaguzi hawakuliona?

Ninachotaka ni hiki. Bohari ya Dawa, ile ya serikali inayosambaza dawa hospitalini, ina orodha yake ya bei. Bei kikomo ya rejareja ipigiwe hesabu kutoka hapo. Kila duka, kuanzia famasi za Mtwara mjini hadi DLDM, yaani maduka ya dawa muhimu, za vijiji vya Nanyumbu, liweke ubao nje ya mlango wenye bei ya kidonge kimoja kimoja cha presha, kisukari na kifafa, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani atazisoma akiwa barabarani. Ubao ubadilishwe Jumatano ya kwanza ya mwezi, pamoja na bei za mafuta. Duka lisilo nao lisihuishiwe kibali.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara