Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Matibabu na Hospitali Yetu ya Kanda

Ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wazee wetu, na ninyi ndugu wanachama mliofika: ndaga sana kwa kuja. Nawashukuru kwa dhati mliofika, kwa sababu wengi hawapo, na habari yao nitaisema mbele.

Shughuli za kawaida mnazijua, mlikuwepo. Mwaka 2024 tulishiriki misiba 9 na harusi 4, tukawatembelea wagonjwa 31, na kamati ilikaa vikao 11. Mapato yalikuwa shilingi 14,260,000, matumizi 12,915,000, na salio ni 1,345,000. Mchanganuo umebandikwa mlangoni na Mweka Hazina ataupitia. Turubai na viti vipo salama. Masufuria mawili bado hayajarudishwa, aliyenayo anajijua.

Sasa niingie kwenye uamuzi wa mwezi Machi kuhusu fedha ya kwenda kutibiwa Dar, maana ndio uliozua maneno hapa mjini kuanzia Soweto hadi Uyole.

Zamani mwanachama akiugua na kusema anataka Dar es Salaam, mfuko ulitoa nauli yake, nauli ya msindikizaji na fedha ya malazi. Safari hizo zilikuwa zikila zaidi ya nusu ya mfuko wa matibabu. Wengi waliondoka bila barua ya rufaa. Mgonjwa anakaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800, anateremka mlima Kitonga na maumivu yake, akifika anaambiwa aanze upya: faili jipya, vipimo vipya, foleni mpya. Fedha inaisha kabla hajamuona bingwa, kisha tunapigiwa simu tuchange tena. Ndipo nikapeleka hoja kwenye kamati, na kamati ikakubali, kwamba fedha ya Dar itatoka pale tu daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya atakapoandika rufaa.

Yamesemwa mengi. Kwamba mwenyekiti amefunga njia. Kwamba mwenyekiti amewakabidhi wanachama kwa wanafunzi wajifunzie. Nayajibu hapa hadharani, kwa sababu nililisimamia jambo hili mwenyewe na ningelisimamia tena.

Hospitali hii si ya mji wa Mbeya peke yake. Inapokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Mgonjwa wa Mpanda anapita Sumbawanga, anapita Tunduma, anakuja kwetu kwa sababu zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na ya mkoa zimefika mwisho wa uwezo wao. Sisi tunaoishi Mafiati na Mwanjelwa, bajaji moja tu kutoka getini, ndio tunaopanda basi kuikimbia. Jambo hili linaniuma.

Kuhusu wanafunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya hapa Mbeya, na wanafunzi wake wanajifunzia kwenye wodi zetu. Wapo pia madaktari waliomaliza miaka mitano ya shahada na wanafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi. Hakuna mwanafunzi anayekuandikia dawa kwa kichwa chake. Anakuhoji, anakupima, kisha anasimama mbele ya bingwa na wenzake kueleza alichokiona, na bingwa anamuuliza: kwa nini unasema hivyo? Umeangalia nini kingine? Ugonjwa wako unajadiliwa na watu kadhaa badala ya mmoja mwenye haraka. Na bingwa naye anabaki Mbeya kwa sababu ana wa kufundisha. Ukiondoa chuo, mabingwa nao watapungua, na hapo kweli tutaishia kwenye basi.

Niliyaona haya mwezi Julai, nilipokwenda na wajumbe wawili kumjulia hali mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, aliyelazwa kwa kizunguzungu. Tulimkuta binti aliyevaa koti jeupe ameketi pembeni ya kitanda na daftari. Alimuuliza habari za shamba, chumvi, usingizi, kisha akasema, "Mama, naomba nione dawa zote unazokunywa nyumbani." Mama akafungua fundo la khanga, akamimina vidonge kitandani. Binti akavipanga, akasoma majina kimoja kimoja, akaenda kumwita daktari. Vidonge vya aina mbili, vyenye majina tofauti, vilikuwa dawa ileile ya presha. Alivinunua kwenye maduka mawili na akawa anakunywa vyote kila asubuhi. Mama huyo leo yuko nasi, amekaa safu ya mbele. Mfuko haukutoa nauli ya Dar hata shilingi.

Tena vijana hawa hawabaki mjini wote. Wengine watapangiwa Chunya, Ileje, Makete, Ludewa, kwa ndugu zetu. Aliyejifunza akiwaona wagonjwa wa ukanda huu atakwenda kule anawajua. Wenzetu wa Moshi wana hospitali ya KCMC na wa Mwanza wana ya Bugando, zote za tangu 1971, na kanda zao zinazitegemea kwa tiba na kwa kuzalisha madaktari. Sisi tunayo ya kwetu, tuitumie.

Limekuja pia neno la utafiti, kwamba pale damu inachukuliwa ikauzwe. Ndugu zangu, hapana. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefanya kazi kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani, hasa kwenye UKIMWI na kifua kikuu, hata majaribio ya chanjo ya UKIMWI yamefanyika hapa. Mtu haingizwi kwenye utafiti bila kuelezwa na kuridhia kwa saini yake, na ana haki ya kujitoa siku yoyote na akaendelea kutibiwa.

Wala sikusema kila ugonjwa utaishia Mbeya. Mwaka huu wanachama wawili waliandikiwa rufaa, mmoja kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, mwingine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zote za Dar. Wote wawili walilipiwa yote, siku ileile. Anayesema njia imefungwa awaulize hao.

Sasa ada. Tuko wanachama 118. Waliolipa hadi Desemba ni 47. Malimbikizo yamefika shilingi 3,980,000. Baadhi ya wanaolalamika kwa sauti kubwa kuhusu nauli ya Dar hawajatoa ada tangu mwaka juzi, na majina yapo kwa Katibu. Mfuko hauwezi kumtibu mtu kwa fedha ambayo hakuna aliyeitoa.

Mahudhurio nayo yanasikitisha. Mwezi Septemba tuliitana kuchangia damu. Niliandika kwenye grupu, nikapiga simu, nikapita nyumba kwa nyumba. Walikuja 12. Chupa moja ni kama mililita 450, mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke minne. Kule Meta, kwenye jengo la wazazi, mama akitokwa damu baada ya kujifungua hasubiri kikao. Wale 12 nawashukuru kwa moyo wote, na kati yao vijana walikuwa watatu tu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuzungumza na uongozi wa hospitali kuhusu mahali pa kupumzikia ndugu wa wagonjwa wanaotoka mbali. Tunatarajia pia kuangalia namna chama kitakavyojipanga na bima ya afya kwa wote, kwa kuwa sheria yake ilipitishwa 2023. Uchangiaji damu tutaurudia, tarehe itatangazwa.

Uamuzi wa Machi unabaki kama ulivyo hadi mkutano huu uamue vinginevyo kwa kura, na wenye kupiga kura, kwa mujibu wa katiba yetu, ni waliolipa ada. Mweka Hazina amekaa mezani pale mlangoni, anapokea hata sasa.

Naomba kuwasilisha.