Mwanangu, Honda nimeiuza

Likoni, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mamako goti limetulia, na paka wako amezaa tena ndani ya kabati la vyombo.

Najua utanifokea, kwa hivyo nianze nalo: ile pikipiki yangu, Honda, nimeiuza. Uliniambia kwa simu, "Baba, nunua mpya, lakini ile mzee iache chini ya mnazi, nikija niione." Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nishapokea nusu ya pesa.

Hebu nisikilize kwanza.

Jumanne moja mwezi uliopita maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa hasa, na wewe mtoto wa Likoni unaujua ule mteremko wa feri maji yakikupwa. Huwa kama ukuta. Nilikuwa natoka mjini, nimefunga mabomba ubavuni, yale ya futi ishirini nimeyakata mara mbili. Feri ikatua, watu wakamiminika kama siafu. Nikapiga kiki, ikawaka mara ya tatu. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Injini ikanguruma, pikipiki haikwenda. Nikaongeza mafuta, ikanguruma zaidi, halafu ikaanza kurudi nyuma polepole. Nikakanyaga breki, tairi likateleza kwenye ukoga. Nyuma yangu alikuwako mama na mtoto mgongoni.

Vijana wawili wa mkokoteni ndio walionisukuma mpaka juu. Mmoja akasema, "Mzee, hii ipeleke Fort Jesus, wana makumbusho pale." Tukacheka wote. Lakini nilipofika juu mikono ilikuwa inatetemeka, nikakaa kwa muuza madafu robo saa nzima nikijifanya nina kiu.

Fundi akaniambia pleti za klachi si tatizo, atabadilisha. Kisha akachukua bisibisi, akaigusa madigadi ya nyuma, ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Chumvi. Fremu bado nzima, injini bado ina roho, lakini akasema jambo ambalo hata mimi nalijua: hapa kwetu chombo kinachokaa huoza upesi kuliko kinachotembea. Ukiiegesha chini ya mnazi mwaka mmoja, upepo wa bahari utaimaliza. Ungekuja kuona nini, mwanangu? Kutu yenye jina la Honda.

Lipo na jengine ambalo sijawahi kukuhadithia. Ile pikipiki niliinunua Septemba 1997, wiki chache baada ya zile vurugu za Likoni, watu wa bara waliposhambuliwa na kufukuzwa. Wewe ulikuwa bado. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa bara, jirani, aliyekuwa anahama na familia yake, akiuza kila asichoweza kukipakia kwenye basi. Alitaja bei, nami, mtu ambaye hubishania hata bei ya mchicha, sikupatana naye hata shilingi moja. Nilimlipa yote. Alisimama amekishika kiti, kama mtu anayemshika ng'ombe wake mgongoni, akaniambia, "Usiiache ikae." Basi. Akaenda zake, na mpaka leo sijui alifika wapi.

Haikukaa. Miaka yote hiyo ilikuwa inatembea. Honda za aina yake, CG 125, walizianza miaka ya 1970, na mwenye akili aliyezibuni alijua zitafika kwa watu kama mimi, wanaosahau kumwaga oili mpaka injini iwakumbushe. Ndani haina cheni ya taimini, vali zinasukumwa na vijiti, na cheni ya tairi imefunikwa yote isile mchanga. Fundi yeyote chini ya mwembe aliweza kuifungua. Wewe ilikubeba juu ya tangi ukienda chekechea, kiganja umekitia kwenye kile kibonyeo kilichopigwa na nazi. Ulidhani ni mahali pako pa kushika, pametengenezwa kiwandani. Na alama ya mguuni, ya bomba la moshi, unayo. Mamako alikupaka dawa ya meno, akanisusia siku mbili.

Aliyeinunua ni mchuuzi wa samaki, yuwaishi huko Kwale ndani, hapandi feri. Nilimwonyesha maradhi yake yote moja moja, mpaka akaniuliza kama kweli nataka kuuza. Akapatana bei, sana. Nikamwachia. Ila ufunguo nilikataa kumpa mpaka tubadilishe jina kwenye logibuku, maana kesho akigonga mtu, askari watamtafuta mwenye jina, na mwenye jina ni babako. Tukaingia saiba, mimi nikatuma ombi la kubadilisha jina kwa intaneti, yeye akakubali kwa simu yake. Alipokuwa anaondoka nilijikuta nimeshika kiti, nikamwambia yale yale niliyoambiwa mimi. Akaniangalia kama mzee aliyechanganyikiwa.

Hii mpya ni Boxer. Nyekundu. Naona haya kukuandikia hivi, lakini naifurahia mno. Nabonyeza kwa kidole gumba inawaka, ingawa mguu wa kulia bado unatafuta kiki wenyewe. Taa inamulika mpaka nyumba ya tatu. Mamako anasema naipangusa kuliko ninavyopangusa viatu vya Idi, na ni kweli. Kwa sasa naiendesha taratibu, simpakii mtu mzito wala sikazi mafuta, mpaka injini izoee na nimwage oili ya kwanza. Bado kilomita mia mbili hivi.

Zitakuwa zimeisha kabla hujafunga chuo. Ukishuka kwenye treni Miritini usichukue matatu. Nitakuja kukuchukua kwa ile barabara ya Dongo Kundu, tupite madarajani mpaka Likoni bila kuiona feri. Ile mzee haikuwahi kulivuka daraja la Mteza. Kofia yako ya pikipiki nimeshanunua, lakini sijui kichwa chako kimekua kiasi gani, kwa hivyo niliijaribisha kwa kichwa cha mamako. Begi lete dogo.

Babako